NANI ANASHIKA SURI? Somo la ordinatere kwa wadogo wetu wa saba na wa nane

Limeandikwa na Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita, kwa jina la kundi la wasaidizi wa Jumamosi



Mara hii tunaleta somo juu ya ordinatere, ile ambayo vitabu vya Tanzania vinaita kompyuta. Hatufundishi hapa namna ya kuitumia. Tunataka kuonyesha namna ya kuifundisha kwa wadogo wetu wa darasa la saba na la nane, wasipate kusinzia. Sisi wa mwaka wa sita tunaelekea mtihani wa Serikali, na kiisha tutaondoka. Kazi ya Jumamosi asubuhi, ya kumsaidia Mwalimu katika chumba cha mashini, itaanguka mikononi mwenu ninyi wa mwaka wa tano. Afadhali muikute na njia zake kuliko muanze na sifuri.

Hali mnaijua. Mashini zinazowaka ni 4. Watoto wanapita 40. Umeme unatoka Bendera, kule kwenye maji ya mto Kyimbi, unapita porini mpaka kufika Kalemie, na siku ukikatika chumba chetu kinakuwa chumba cha viti tu. Mtu akiona hivi anasema mara moja: "Somo haliwezi kupendeza, juu mashini haziko." Sisi tunasema hapana. Mashini ni kidogo, ni kweli, na tunaomba wazazi na wakubwa wetu wasichoke kutafuta zingine. Lakini hata zikifika 20 kesho, somo litaendelea kuchosha kama hatuangalii jambo moja: nani anashika suri.

Suri ni ile kipanya ya kusukuma juu ya meza. Keti nyuma ya chumba Jumamosi moja, usiseme kitu, uangalie mikono tu. Sisi tulifanya hivyo mwanzo wa mwaka. Mbele ya kila mashini wanasimama watoto 10 au 11. Mmoja anashika suri. Wawili wako karibu naye wanasema "bonyeza pale, bonyeza pale". Wengine wanaona mabega. Saa inapita, kengele inalia, na aliyeshika ni yule yule wa mwanzo. Na ni nani? Ni yule ambaye baba yake ana mashini nyumbani, au kaka yake anafanya kazi kwenye nyumba ya fotokopi. Mara nyingi ni mvulana. Mtoto aliyetoka upande wa Nyunzu, ambaye jamaa yake ilikimbia vita ikafika hapa na mkeka na sufuria, yeye anasimama nyuma kabisa. Ukimwuliza anajibu: "Yaya, miye naangalia tu." Mwisho wa kipindi anapata 3 juu ya 10 na watu wanasema hana akili ya mashini. Na hajaigusa hata siku moja!

Basi sheria ya kwanza ya Jumamosi, tumeiandika kwa chaki juu ya mlango: ANAYEJUA HAGUSI. Anayejua anaweza kusema, anaweza kueleza, lakini mikono yake iko mgongoni. Asiyejua ndiye anashika. Kila dakika 5 wanabadilishana, na mtoto mmoja anapewa kazi ya kuangalia saa. Wale wenye kujua walinuna siku mbili tatu. Kisha waliona kwamba kueleza kwa kinywa ni kazi ngumu kuliko kubonyeza. "Bonyeza pale" haisaidii kitu kama mikono imefungwa. Pale ni wapi? Ikawa lazima wajifunze majina ya vitu: kioo, mshale, dirisha, kifungo cha kushoto, kifungo cha kulia. Sasa wenyewe wanakuja kutuuliza: "Yaya, hii inaitwa nini?" Mwaka uliopita swali hilo halikusikiwa katika chumba kile.

Lakini sheria hiyo inasaidia wale 4 walio na suri kwa saa ileile, pamoja na wenye kueleza. Wengine 30 na zaidi watafanya nini? Hapa ndipo somo letu lenyewe.

Wengine walipata shida hii mbele yetu. Mwezi wa pili mwaka wa 2018, mwalimu Richard Appiah Akoto wa Ghana, katika shule moja ya kijijini upande wa Kumasi, alichora ubaoni kwa chaki za rangi dirisha lote la programu ya kuandikia ya Microsoft, pamoja na vifungo vyake vyote, juu shule yake haikuwa na mashini ya kufundishia na watoto walikuwa wanangojewa na mtihani wa somo hilo. Picha zake zilizunguka dunia. Kampuni yenyewe ikamwalika Singapore mwezi wa tatu, na watu wakatuma mashini shuleni kwake. Tunamheshimu sana. Hata hivyo tuseme wazo letu: ubao uliochorwa vizuri namna hiyo mwanafunzi anaunakili katika kaye yake, na akiisha kunakili anakaa. Sisi tulipendelea njia nyingine. Waalimu watatu wa chuo kikuu, Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows, tangu miaka ya 1990 walikusanya michezo ya kufundisha mambo ya kompyuta pasipo kompyuta, na kazi hiyo inaendelezwa mpaka leo kutoka Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand. Katika michezo yao mtoto mwenyewe anakuwa mashini. Tumechukua michezo hiyo na kuivalisha nguo za Kalemie.

MCHEZO WA TAA

Tunaanza na ziwa. Kila mtoto wa hapa ameona taa za wavuvi wa ndagala usiku ambao mwezi hauko. Tunauliza: mvuvi aliye mbali akitaka kupeleka habari ufukoni kwa taa moja tu, atafanya namna gani? Wanapiga kelele wote: "Atawasha, atazima!" Vema. Taa ina maneno 2 tu, kuwaka na kuzima. Mashini nayo, ndani kabisa, ina maneno hayo 2 tu. Kuwaka tunaandika 1, kuzima tunaandika 0.

Kisha tunasimamisha watoto 5 mbele, wakiangalia wenzao. Kila mmoja ana kadi ya katoni. Ukiwatazama, kadi ya mwisho mkono wa kulia ina alama 1, inayoifuata ina 2, inayofuata 4, kisha 8. Ya tano tunaificha na kuuliza darasa itakuwa na alama ngapi. Hawachelewi: 16. Mwenye kadi akiionyesha, anawaka. Akiigeuza nyuma, amezima.

"Tupeni 9!" Watano wanaangaliana. Wa 8 anawaka, wa 1 anawaka, wengine wanazima. Tunaandika ubaoni 01001. "Tupeni 21!" Wa 16, wa 4 na wa 1: 10101. "Tupeni 31!" Wote wanawaka. "Tupeni 32!" Hapo kunatokea ugomvi, na ninyi wasaidizi wa kesho tunawaomba sana: waacheni wagombane. Msijibu. Mmoja atasema haiwezekani, mwingine atasema tuandike 2 mahali pa 1, na mwisho mmoja atasema: "Lete mtu wa sita." Ukimpa jibu hilo wewe, umemwibia. Akilipata mwenyewe atalishika mpaka uzee. Mtu wa sita ana 32, wa saba ana 64, wa nane ana 128. Watu 8 wakisimama pamoja wanaweza kuonyesha kila namba tangu 0 mpaka 255, na ndiyo sababu mafundi wanapenda kutaja zile 256 kila mara.

Wakiisha kujua namba, tunageukia herufi. A ni 1, B ni 2, hivyo mpaka Z ambayo ni 26. Watu 5 wanatosha. Jina la mji wetu linaandikwa hivi:

K 01011, A 00001, L 01100, E 00101, M 01101, I 01001, E 00101

Sasa darasa linatoka nje, kundi moja upande wa mlango mkubwa, kundi lingine chini ya mwembe. Mchana taa haionekani vizuri, basi tunatumia mkono: mkono juu ni 1, mkono chini ni 0. Mara ya kwanza habari inaharibika kabisa. Juu ya nini? Juu mkono ukibaki chini, wa mbali hajui kama ni 0 moja au ni 0 tatu. Watoto wenyewe walipata dawa: mmoja anapiga makofi kwa kipimo, na kila kofi ni alama moja. Tuliwaambia kwamba mashini nayo ina mpiga makofi ndani yake, jiwe dogo la kwatsi linalotetemeka, na kazi yote inafuata kipimo hicho; katika mashini za leo makofi yanafika mabilioni kwa sekunde moja. Waliduwaa. Kama tungeanza na maneno hayo ya mabilioni wangeandika tu katika kaye na kusahau.

Siku hiyo tuliona jambo. Msichana mmoja wa saba, wa wale wa kusimama nyuma, alisoma herufi za kundi la mwembe pasipo kutazama ubao, mbele ya wote. Yeye anauza samaki pamoja na mama yake. Kujumlisha 8 na 2 na 1 kwa haraka ni kazi yake ya kila jioni. Wenye telefone nzuri walikuwa bado wanahesabu kwa vidole. Jumamosi iliyofuata hakusimama nyuma tena.

MCHEZO WA BUKARI

Huu ndio wanaoupenda kuliko yote, na unahitaji yaya mmoja asiyeogopa kuchekwa. Anajifanya mashini: anatii neno kama lilivyosemwa, hatumii akili yake hata kidogo. Mezani tunaweka sufuria, mwiko, chupa ya maji na mfuko mdogo wa unga (ndani tunatia mchanga mkavu, chakula hakichezewi). Watoto wanatoa amri za kupika bukari.

"Tia maji ndani ya sufuria!" Mashini inashika chupa na kuigeuza, kifuniko kimefungwa. Hakuna kinachotoka. "Fungua chupa!" Inafungua. "Tia maji!" Inatia yote, yanamwagika mpaka chini ya meza, juu hakuna aliyesema kiasi. "Tia unga!" Inatia mfuko mzima pamoja na plastiki yake. "Koroga!" Inakoroga, inakoroga, inakoroga, mpaka watoto wanalia: "Yaya, acha! Inatosha!" Lakini neno "acha" halikuandikwa.

Wakiisha kucheka wanarudi kwenye kaye na kuandika upya. Sasa wanaandika: fungua chupa, tia maji vikombe viwili, weka sufuria motoni, ngojea MPAKA maji yachemke, fungua mfuko, tia unga kikombe kimoja, koroga, KAMA bado ni maji maji, ongeza unga kidogo na kukoroga tena, RUDIA hivyo MPAKA bukari isishike tena sufuria, ondoa motoni. Angalieni vema, mambo yote ya programu yamo humo. Kuna kufuatana, kuna kuchagua (kama), kuna kurudia (mpaka). Programu kubwa za benki na za ndege zinajengwa na mambo hayo matatu, ila ni ndefu. Orodha ya amri namna hiyo inaitwa algoritimu, na jina lenyewe linatokana na al-Khwarizmi, mtaalamu wa hesabu aliyefanya kazi Baghdad miaka 1,200 iliyopita.

Kosa katika orodha mafundi wanaliita mdudu. Watoto wanapenda kusikia kwamba mwaka wa 1947, kule Marekani, mafundi wa mashini kubwa iliyoitwa Mark II walikuta kipepeo cha usiku kimebanwa ndani yake, wakakibandika katika daftari lao la kazi. Neno lilikuwako kabla, lakini siku hiyo mdudu alikuwa mdudu kweli. Tangu tuwaambie habari hiyo, mtoto akikosa haoni haya. Anasema: "Yaya, niko na mdudu," na anamtafuta.

MASHINI ILIYOKUFA

Kila shule ina mashini iliyokufa kwenye kabati. Wengi wanaifunika nguo kama maiti. Sisi tuliomba ruhusa ya Bwana Prefe, tukaileta mezani na bisibisi mbili. Hapa ni lazima muangalie sana: waya wa umeme umetolewa kabisa, na lile sanduku la chuma lenye feni, ambalo waya unaingia kwake, halifunguliwi na mtu yeyote; linaweza kushika umeme hata baada ya kutolewa waya. Vioo vya zamani vyenye tumbo kubwa ni vile vile, na ni hatari zaidi. Sehemu nyingine zinaguswa pasipo hofu.

Tulitazamia kwamba watauliza juu ya majina ya vipande. Waliuliza vitu hivyo vinatoka wapi. Basi ikawa somo lingine, na kwetu sisi watu wa Tanganyika lilikuwa somo la nyumbani. Nyaya ni shaba, ile ya Katanga. Risasi nyeupe iliyoshikisha vipande ina bati ndani yake, na bati linatoka katika kasiterite. Mtoto wa Manono anajua kasiterite kabla hajajua kusoma. Vile vipande vidogo kama punje za mchele, vinavyoshika umeme kidogo na kuutoa inapohitajiwa, vingine vinatengenezwa na tantali, na tantali ni coltan. Penye kung'aa manjano mna dhahabu, nyembamba sana. Na ukichukua batri ya telefone au ya mashini ya kubeba, ndani mna lithiamu, ambayo Manono ina akiba yake kubwa sana katika udongo, na mara nyingi mna kobalti, ambayo Kongo inaitoa kuliko nchi zote za dunia.

Chumba kilinyamaza. Kisha mvulana mmoja wa nane akauliza: "Sasa Yaya, juu ya nini sisi tuko na ordinatere 4?"

Hatukuwa na jibu fupi, na hatukujifanya kuwa nalo. Tulilichukua swali lake kama lilivyo mpaka kwa Mwalimu wa jiografia, naye amekubali kulifundisha katika saa zake. Hapa tunataka kusema kitu kimoja tu juu ya njia ya kufundisha: mtoto aliyeuliza swali hilo alikuwa anasinzia tangu mwezi wa tisa. Mashini iliyokufa ilimwamsha, na zile 4 zenye kuwaka hazikuweza.

MICHEZO MINGINE KWA UFUPI

Mchezo wa mganga. Mtoto anapanga kadi 25, mistari 5 ya kadi 5, nyeupe na nyeusi namna anavyotaka. Wewe unasema "tuongeze kidogo iwe ngumu", na unaongeza mstari mmoja upande na mmoja chini, ziwe 36. Kwa siri unaangalia kila mstari, wa kulala na wa kusimama, uwe na nyeupe 2 au 4 au 6 au pasipo nyeupe hata moja. Unageuka ukutani, mtoto anapindua kadi moja. Ukirudi unatafuta mstari wa kulala na mstari wa kusimama ambao nyeupe zake ni 1 au 3 au 5. Pale zinapokutana ndipo kadi iliyopinduliwa. Siku ya kwanza wawili walisema ni uchawi. Tuliwafundisha siri palepale, wakaenda kuwashangaza wazazi. Mashini zinatumia njia ya ukoo huo kujua kama habari iliharibika njiani.

Mchezo wa telefone. Kila mtoto amemwona mama yake akituma feza kwa M-Pesa au Airtel Money: chagua 1, chagua 3, andika namba, andika kiasi, kisha namba ya siri. Tunachora mti huo chini kwa fimbo, matawi yake yote, na watoto wanatembea juu yake. Anayechagua vibaya anafika mahali pengine kabisa na kurudi mwanzo. Hapo hapo tunafundisha kwamba namba ya siri haiambiwi mtu, hata rafiki, hata yaya, hata mtu anayepiga simu na kusema ni wakala. Kwa watoto wengine jambo hili moja litalinda feza ya nyumbani, na hata pasipo mengine yote tungefurahi kulifundisha.

Klaviye ya katoni. Kila mtoto anachora klaviye yake kama ile ya Kifaransa: mstari wa juu AZERTYUIOP, wa katikati QSDFGHJKLM, wa chini WXCVBN. Kidole cha shahada cha kushoto kinakaa kwenye F, cha kulia kwenye J. Juu ya klaviye ya kweli herufi hizo mbili zina kitu kidogo kilichoinuka, upate kuzisikia pasipo kuangalia. Mmoja anasoma sentensi polepole, wengine wanapiga juu ya katoni. Inaonekana kama mchezo wa watoto wadogo, lakini anayefika mbele ya mashini akijua mahali pa herufi, dakika zake 5 zinakuwa dakika 5 za kazi. Asiyejua anazimaliza akitafuta M.

JUU YA LUGHA NA JUU YA KAZI YENYE MAANA

Waalimu wetu watatusamehe tukisema neno hapa. Maana ya ordinatere inaandikwa ubaoni kwa Kifaransa, mistari 3, na watoto wa saba wanaishika kwa kichwa kama mashairi. Tulimwuliza mmoja maana ya maneno ya katikati. Alicheka tu. Kifaransa ni lazima, tunakubali, mtihani ni kwa Kifaransa na programu ya Serikali inaweka somo hili pamoja na fizika na teknolojia. Tunaomba tu mpango ugeuzwe: kitu kwanza, halafu Kiswahili, na mwisho jina la Kifaransa. Mtoto aliyekwisha kupiga makofi chini ya mwembe hatashindwa na neno gumu. Atalitundika juu ya kitu anachokijua.

Tena, zile dakika za kushika suri ziwe na kazi ambayo mtu mwingine ataisoma. Kuandika "aaaa bbbb" kunachosha hata mwenye bidii. Matokeo ya mpira katika namba iliyopita ya gazeti hili yalipigwa na watoto wa nane, kila mmoja mstari mmoja. Waliosoma waliona kosa katika jina la mfungaji, wakalalamika, na kikundi kizima kilirudi Jumamosi mapema kulisahihisha. Hakuna aliyewatuma. Karatasi moja iliyopigwa kwa mashini, mtoto anaipeleka nyumbani na mama anaitundika ukutani. Tumeiona kwa macho yetu katika nyumba moja ya Kituku.

Ninyi wa mwaka wa tano, kadi, katoni na kaye ya michezo yote viko katika kabati la pili, rafu ya chini. Bisibisi zirudishwe kwa Mwalimu kila mara. Wanaotaka kuanza nasi kabla hatujaondoka, waje.

MAZOEZI

Andika jina lako kwa 0 na 1 kama tulivyoandika jina la Kalemie. Kisha tafuta: shule yenye wanafunzi 500 ikitaka kumpa kila mmoja namba yake kwa taa za kuwaka na kuzima, inahitaji taa ngapi? Mwenye kujibu aeleze na sababu. Jibu pasipo sababu halitapokewa.

Na kwa wadogo wetu wa saba na wa nane, huu ndio ujumbe wa Jumamosi ijayo. Wakubwa, tafadhali msiwasomee:

01100 00101 10100 00001
10100 01111 00011 01000 01001